Kuhamia Tiba kwa Vitendo Ukubwani: Mwongozo wa Kupima Kabla ya Kuacha Kazi Uliyonayo

Wengi wanaoniuliza kuhusu tiba kwa vitendo huanza kwa kusema wanataka kusaidia watu. Nia ni njema, ila peke yake haitoshi kumwachisha mtu mshahara. Kazi za kusaidia watu ziko chungu nzima, na kila moja ina adha zake. Mimi humrudishia muulizaji swali: je, unaweza kukaa na mtu nusu saa nzima akihangaika na vifungo vya shati lake, wewe mikono yako ikiwa mapajani, na bado ukaona nusu saa hiyo imetumika vizuri? Asijibu papo hapo. Aende akaone kwanza.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana kazi nyingine na umri umeshasogea: mwalimu, mhasibu, fundi, karani, mama au baba aliyekuwa analea nyumbani. Nimepanga hatua kwa gharama zake. Zinazokula muda tu zinatangulia, zinazokula pesa zinafuata, na kuacha kazi kunakuja mwisho kabisa. Wengi hupanga kinyume chake, wakaijua kazi yenyewe baada ya kulipa ada.

Hatua ya kwanza: ijue kazi ilivyo

Tiba kwa vitendo, ambayo wengine huiita tiba kazi, ni taaluma ya afya inayomrudisha mtu kwenye shughuli zake pale ugonjwa, ajali, ulemavu au uzee unapomzuia. Shughuli hapa ni pana: kuoga, kula, kuandika, kulea, kucheza, kurudi kazini, hata kulala. Kwa hiyo mtaalamu mmoja utamkuta wodi ya wagonjwa wa kiharusi, mwingine shuleni na watoto wenye usonji au mtindio wa ubongo, mwingine kliniki ya mikono akitengeneza banzi la kushikilia kidole kilichoshonwa kano. Wapo wanaofanya kazi katika afya ya akili, wakimsaidia mtu aliyetoka hospitalini kuipanga siku yake upya. Wapo wanaokwenda nyumbani kwa wazee kutazama kizingiti, ngazi na choo.

Inachanganywa sana na fiziotherapia. Kwa mtu aliyevunjika kifundo cha mkono, mtaalamu wa fiziotherapia atashughulika zaidi na mwendo wa kiungo, nguvu na maumivu. Wa tiba kwa vitendo atauliza mkono ule ulikuwa unafanya nini kabla ya kuvunjika, na tiba yake itaelekea huko. Mipaka yenyewe si ya ukuta, na kwenye timu nzuri wawili hao hufanya kazi bega kwa bega. Lakini ukigundua kwamba kinachokuvuta ni misuli, mazoezi na mwendo wa mwili, basi huenda fiziotherapia ndiyo yako. Ni heri kuligundua hilo sasa.

Turudi kwenye shati, maana hapo ndipo kazi inapoonekana. Mtu amepatwa na kiharusi, upande wa kushoto umelegea. Kuvaa kunaanza kabla ya shati lenyewe kushikwa: amekaaje, mgongo una pa kuegemea, nyayo zimegusa sakafu? Shati linatandazwa mapajani. Mkono uliolegea unaingia kwanza, mkono mzima ukiusaidia, na mkono wa shati unavutwa hadi upite kiwiko. Mkono mzima unafuata. Wakati wa kuvua mambo yanageuka, mzima unatoka kwanza. Vifungo vinaanzia chini, ili pande mbili za shati zilingane, na vikimshinda kwa mkono mmoja ipo ndoano ndogo yenye mpini ya kuvivutia tunduni.

Muda wote huo mtaalamu anatazama na kupima. Mgonjwa ameuacha mkono wa kushoto wa shati ukining'inia. Ameuacha kwa sababu mkono wake ni dhaifu, au kwa sababu ubongo wake umeacha kuutambua upande huo wa dunia? Ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina tiba yake. Anayepita mlangoni ataona mtu anavaa shati tu. Ukisoma aya hizi mbili ukatamani kujua zaidi, ni dalili nzuri. Ukijikuta unaziruka, lifikirie hilo kwa uzito.

Hatua ya pili: kaa uitazame

Omba kumfuata mtaalamu kazini, angalau katika sehemu mbili zisizofanana. Hospitali na shule, kwa mfano, au kliniki ya mikono na kituo cha afya ya akili. Aliyeona wodi moja tu ameona kipande. Andika barua fupi kwa mkuu wa kitengo cha utengemao, yaani cha kuwarudishia wagonjwa uwezo wao, ueleze wewe ni nani na kwa nini unataka kutazama, na uahidi kutunza siri za wagonjwa. Mgonjwa ana haki ya kukataa kutazamwa, na akikataa unatoka bila kununa. Baadhi ya vyuo hudai saa za kutazama kazi kabla ya kupokea maombi, kwa hiyo omba zikaandikwe na kutiwa saini.

Kaa siku nzima, usikae saa mbili za asubuhi tu. Asubuhi kuna wagonjwa na uchangamfu. Mchana ndipo utakapomwona mtaalamu akiinamia kumbukumbu, akiandika alichopima, alichofanya, mgonjwa alikipokeaje na nini kinafuata. Maandishi hayo ni sehemu kubwa ya kazi, na ndiyo yanayowachosha wengi kuliko wagonjwa.

Maswali ya kumuuliza mtaalamu yasiwe ya heshima tupu. Ukimuuliza kama anaipenda kazi yake atakujibu ndiyo. Muulize jana kilimchosha nini. Muulize ni mgonjwa wa aina gani anaona hajaweza kumfikia, anaonana na watu wangapi kwa siku, anakosa vifaa gani, na kama angeanza upya angesoma wapi. Muulize pia wanaoacha kazi hiyo huwa wanaacha kwa nini. Hilo la mwisho watu huona haya kuliuliza, na lina majibu ya maana kuliko yote.

Halafu jitazame wewe. Mgonjwa alipokuwa akihangaika, vidole vyako vilikuwasha kumfanyia? Karibu kila mtu humtokea. Waliotoka kwenye uuguzi au malezi huwatokea zaidi, kwa kuwa wamezoea kumfanyia mtu kwa upendo na kwa haraka. Katika taaluma hii, kumfanyia mtu anachoweza kujifanyia ni kumrudisha nyuma. Kujizuia kunafundishika, lakini lazima uone thamani yake.

Kuna zoezi la kufanya nyumbani, halina gharama, nami humpa kila anayeniuliza. Chukua shughuli moja ndogo, kama kupiga mswaki, uivunje vipande kwenye karatasi. Kukumbuka kwamba ni wakati wa kupiga mswaki. Kufika kwenye maji. Kusimama bila kuyumba, kulitambua tyubu kati ya vitu vingine, kufungua kifuniko kwa vidole viwili, kukadiria dawa, kuinua mkono, kugeuza kifundo, kujua umemaliza. Kisha mweke hapo mtu asiyeona vizuri. Halafu mtu anayetetemeka mikono, halafu mtu anayesahau. Katika kila kipande andika kipi kitamshinda, na kipi kingebadilishwa: mpini mnene zaidi, kiti mbele ya sinki, picha ukutani zinazoonyesha mfuatano. Huo ndio uchambuzi wa shughuli, na ndio mtaji wa fani nzima. Fanya kwa shughuli tatu. Kama ya tatu ulifanya kwa kujilazimisha, una jibu lako.

Hatua ya tatu: upime mwili na moyo

Hapa nitasema kwa kifupi na bila kuficha. Utainua watu. Kuna mbinu za kumhamisha mtu kutoka kitandani hadi kiti cha magurudumu bila kuumiza mgongo, na vipo vifaa, lakini mwenye mgongo mbovu achague eneo lake kwa makini: afya ya akili, shule na ushauri wa mazingira ya kazi huwa na kunyanyua kuchache. Utakutana na mkojo, vidonda na makohozi. Utawapoteza wagonjwa uliowazoea. Na wengine hawatapona. Ugonjwa utaendelea kuwala, na kazi yako itakuwa kuwawezesha kushika kijiko mwezi mmoja zaidi. Kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa na ya heshima. Mtu anayehitaji kuona matokeo ya haraka ili apate nguvu ya kuamka kesho yake atateseka.

Hatua ya nne: andika ulichonacho tayari

Anayeingia ukubwani huona haya kana kwamba amechelewa. Basi ajue fani hii ilianzishwa na watu wa aina yake. Mwaka 1917, katika mji wa Clifton Springs jimbo la New York, Marekani, watu wachache walikutana wakaunda chama cha kuiendeleza tiba hii. Aliyewaalika alikuwa George Edward Barton, msanifu majengo mwenye umri wa miaka 40 na ushee, aliyeugua kifua kikuu, akakatwa sehemu ya mguu na kupooza upande mmoja, kisha akajirudisha kwenye maisha kwa kazi za mikono. Miongoni mwa wenzake walikuwamo daktari wa magonjwa ya akili William Rush Dunton, mwalimu wa kazi za sanaa Susan Cox Johnson, na Eleanor Clarke Slagle aliyetokea upande wa ustawi wa jamii. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na shahada ya fani hii, maana haikuwapo. Walileta walichokuwa nacho.

Fanya kama wao, kwa maandishi. Gawa karatasi sehemu mbili. Upande mmoja andika ulichokuwa unakifanya kwenye kazi yako, upande wa pili andika kinaingia wapi. Mwalimu anajua kupunguza somo hadi mwanafunzi aliweze, na hilo ndilo linalofanyika na mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Seremala ataelewa urefu wa kiti na mteremko wa njia ya kiti cha magurudumu kabla hajafundishwa. Aliyefanya kazi idara ya rasilimali watu anajua jinsi mwajiri anavyofikiri, na mgonjwa anayetaka kurudi kazini anahitaji mtu wa namna hiyo. Fundi cherehani ana bahati ambayo wengi hawaijui: majeraha makubwa ya moto yakishapona huvalishwa nguo za kubana ili kovu lisinyanyuke, na nguo hizo hushonwa kwa vipimo vya mgonjwa mwenyewe.

Karatasi hiyo utaitumia mara mbili, kwenye barua ya maombi ya chuo na kwenye usaili wa kazi. Ila usitegemee ikufupishie masomo. Kwa kawaida haifupishi. Utaanza mwanzo, na msimamizi wako wodini anaweza kuwa mdogo kwako kwa miaka 15. Kama uliwahi kuwa bosi, jiulize mapema kama utaweza kusahihishwa na kijana mbele ya mgonjwa, ukasema asante na ukajirekebisha.

Hatua ya tano: fuatilia leseni kabla ya chuo

Watu hutafuta chuo kwanza. Mimi nakusihi uanzie mwisho: ni nani anayetoa ruhusa ya kufanya kazi hiyo mahali unapotaka kuifanya, na anadai nini? Kila nchi ina utaratibu wake. Marekani, mtu anaingia kwa shahada ya uzamili au ya udaktari ya kitaaluma, anafanya mtihani wa taifa wa NBCOT, bodi inayowathibitisha wataalamu hawa, kisha anaomba leseni ya jimbo. Uingereza, shahada ya kwanza iliyoidhinishwa inatosha, na mwenye shahada ya fani nyingine anaweza kupita kwa uzamili ambao mara nyingi ni wa miaka miwili. Baadaye anajisajili HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya, na bila usajili huo ni kosa kisheria kujiita kwa jina la kazi hiyo. Kwingine stashahada ndiyo mlango.

Tofauti hiyo inakugusa moja kwa moja wewe mwenye shahada nyingine. Nchi yenye njia ya uzamili inaweza kukuokolea miaka, hata kama shahada yako ya kwanza ni ya uhasibu au lugha, mradi umesoma masomo ya awali wanayoyataka. Mara nyingi ni anatomia na fiziolojia, saikolojia, takwimu na sosholojia. Vyuo vingine havikubali masomo ya sayansi yaliyosomwa miaka mingi iliyopita, kwa hiyo uliza umri wa cheti kabla ya kukiringia.

Kisha chukua orodha ya vyuo kutoka kwa anayetoa leseni, usichukue kutoka kwenye tangazo la chuo. Uliza mambo matatu. Kozi imeidhinishwa na baraza la taaluma, au imo njiani kuidhinishwa? Inatambuliwa na WFOT, shirikisho la dunia la wataalamu hawa lililoundwa mwaka 1952? Wanaomaliza hufaulu mtihani wa leseni kwa kiasi gani? Swali la WFOT lina uzito mkubwa kwa anayefikiria kuhama nchi siku moja. Hata hivyo kutambuliwa kwa kozi hakukupi leseni ya nchi nyingine; kunakurahisishia maombi tu.

Uliza pia kuhusu wasaidizi wa tiba kwa vitendo. Katika baadhi ya nchi ni kazi yenye mafunzo mafupi na leseni yake. Marekani msaidizi hufanya wiki 16 za mwisho za mafunzo kwa vitendo, mtaalamu kamili hufanya wiki 24. Msaidizi hapangi tiba peke yake, anafanya chini ya mtaalamu, lakini muda mwingi yuko na mgonjwa na karatasi zake ni chache. Kwa mwenye miaka 50 na madeni ya nyumba, njia hiyo isidharauliwe.

Hatua ya sita: soma somo moja kwanza

Kabla ya kujisajili na kozi nzima, soma anatomia peke yake, jioni au kwa intaneti, hali bado unafanya kazi. Unapata majibu mawili kwa ada ndogo: kama akili yako bado inashika majina ya misuli na mishipa ya fahamu ya mkono baada ya siku ndefu, na kama nyumbani kwako kuna mtu atakayeshika watoto wakati wewe unasoma. La pili ndilo linalowakwamisha wengi. Ongea na mwenzio kabla, kwa ratiba iliyoandikwa ya nani anapika, nani anaamka usiku. Maneno ya jumla kwamba tutasaidiana huvunjika wiki ya mitihani.

Hatua ya saba: piga hesabu, na uanze na mafunzo kwa vitendo

Kila mtu huhesabu ada. Kinachowaumiza wanafunzi wakubwa ni kitu kingine. Kiwango cha chini cha WFOT ni saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo, na vyuo vingi huzidisha. Zigawe kwa saa 40 za wiki: ni wiki 25 za kazi ya kutwa nzima. Mahali pengi hulipwi, na ada ya chuo inaendelea kuhesabiwa. Kituo unaweza kupangiwa mbali na nyumbani, ukalipa pango la pili na nauli. Kazi ya ziada ya jioni unayoitegemea ukiwa darasani haitawezekana ukiwa wodini, kwa kuwa utarudi na kumbukumbu za kuandika na miguu inauma.

Kwa hiyo tengeneza mfuko wa pekee wa kipindi hicho, uwe kamili kabla ya siku ya kwanza ya masomo, na usiuguse kwa lolote. Uliza chuo vituo viko wapi, nani anavitafuta, na kama mwanafunzi mwenye watoto anaruhusiwa kuchagua cha karibu au kugawa muda. Chuo kisichokuwa na majibu ya wazi kwa hilo mimi nisingekilipa.

Baada ya hapo jumlisha: ada, vitabu, mshahara utakaoukosa miaka yote ya masomo, nauli, mtihani wa leseni, usajili wa kila mwaka, bima ya taaluma. Mshahara unaoukosa huwa ndio mkubwa kuliko vyote, nao haumo kwenye jedwali lolote la chuo. Linganisha na mshahara wa anayeanza, usiulinganishe na wa mwenye uzoefu wa miaka kumi. Muulize mtu aliyeajiriwa mwaka jana. Mizani yangu ni hii: kama mkopo wote utazidi mshahara wa mwaka mmoja wa kuanzia, tafuta chuo cha bei nafuu, ufadhili au njia ya msaidizi. Uliza pia kama kuna mwajiri anayesomesha kwa mkataba. Uingereza ipo njia ya shahada ukiwa umeajiriwa, na inastahili kuulizwa kwingine.

Hesabu na miaka iliyobaki. Anayeanza na miaka 42, akasoma mitatu, ana miaka 15 au zaidi ya kazi mbele yake. Ni muda mzuri kabisa. Anayeanza na 55 anaweza kuifanya kwa mapenzi yake, lakini asikope.

Hatua ya nane: ondoka kazini kwa mpango

Usiandike barua ya kuacha kazi kwa kuwa umeitwa kwenye usaili. Iandike baada ya vitu vitatu kuwa mkononi: barua ya kukubaliwa isiyo na masharti yaliyobaki, uthibitisho wa maandishi wa mkopo au ufadhili, na mfuko wa mafunzo kwa vitendo ukiwa kamili. Ukikosa kimoja, omba chuo kikuahirishie hadi muhula mwingine. Vyuo vingi hukubali ukiomba mapema na kueleza sababu.

Muulize mwajiri kama kuna likizo ya masomo bila malipo au kazi za muda mfupi wakati wa likizo za chuo. Ukiondoka vizuri, miezi ile mirefu kati ya mihula unaweza kuitwa kufunga hesabu za mwaka au kushika darasa la mwenzako, na pesa hiyo ndiyo huwavusha wengi hadi mwaka wa mwisho. Hakikisha bima ya afya haikatiki siku unayokabidhi ofisi. Kabla ya kuingia wodini watakudai chanjo, ikiwamo ya homa ya ini, ambayo hutolewa kwa dozi kadhaa zinazochukua miezi, pamoja na cheti cha polisi cha tabia njema, ambacho nacho hakitoki kwa siku moja. Anza kuvishughulikia wiki ileile unayopokea barua ya chuo.